Imezimwa, Imezimika au Imejizima?

Kijana wa Lodwar, Turkana, kaskazini mwa Kenya, anaendesha basi ndani ya gemu, yuko katikati ya mteremko, mara kioo kinakuwa cheusi na anajikuta amerudishwa kwenye ukurasa wa mwanzo wa Windows. Imekrashi, anasema. Mwenzake wa Kakuma, kilomita 120 hivi mbele yake kwenye barabara kuu ya A1, anabonyeza alama ya gemu na haifunguki kabisa. Naye anasema imekrashi. Kwa wa tatu, picha imesimama tuli huku muziki ukiendelea kulia, na neno lake ni lilelile. Mikasa mitatu isiyofanana hata kidogo imevikwa neno moja, na fundi anayeletewa neno hilo hajui aanzie wapi.

Nina hoja moja kuhusu neno hilo. Kusaka chanzo cha hitilafu huanza kwenye kitenzi. Kiswahili, kwa viambishi vyake tu, humlazimisha msemaji kutamka nani alifanya nini, na anayekubali kutamka hivyo amekwisha kupunguza kazi kabla ya kufungua faili yoyote. Tukiyaacha maneno yetu na kushika krashi peke yake, tunapoteza zana ya kazi.

Kwanza gemu zenyewe. Zinazochezwa sana kwenye kompyuta kuukuu na simu za bei ya kawaida ni zile zinazokubali kuongezewa vitu. Grand Theft Auto: San Andreas ilitoka mwaka 2004, ikaingia kwenye kompyuta 2005, na wepesi wake unaifanya iendelee kuishi katika mashine ambazo gemu mpya hazizitaki. Euro Truck Simulator 2, kazi ya kampuni ya SCS Software ya Jamhuri ya Czech, ilitoka 2012. Bus Simulator Indonesia ya kampuni ya Maleo ilifika kwenye simu 2017, na vijana wa Kenya na Tanzania waliipokea kama yao kwa sababu inamruhusu mchezaji kulipaka basi rangi anazotaka na kuingiza gari lililoundwa na mwingine. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyotengenezwa kwa kumfikiria mtu wa Turkana. Ndiyo maana watu huziongezea: basi lenye rangi za magari ya Kitale, honi ya matatu, barabara ya vumbi, mzigo wa magunia. Kila nyongeza vijana huiita modi, na mtu akishakuwa na modi themanini anacheza gemu ambayo waundaji wake wenyewe wasingeitambua.

Hapa sarufi ina la kusema. Mtu hucheza gemu, lakini anayeingiza mkono ndani yake anaichezea. Kiambishi kimoja cha kutendea kinatosha kutoka kwenye burudani hadi kwenye uchokozi wa mashine: fundi akisema saa hii imechezewa, mteja anajua kuna mtu aliyeifungua na kuigusa asipostahili. Nalipenda neno hilo kwa gemu zilizojaa modi. Gemu iliyochezewa haijaharibiwa, wala haijachakachuliwa kama petroli iliyotiwa mafuta ya taa. Imeguswa na mikono mingi isiyojuana. Mtengeneza basi yuko Arusha, mtengeneza honi yuko Jakarta, mtengeneza ramani hajulikani aliko, na hakuna kati yao aliyewahi kujaribu kazi yake pamoja na kazi za wengine. Wa kwanza kuzijaribu zote pamoja ni mchezaji wa Lodwar, saa nane za mchana.

Turudi kwenye kioo cheusi. Kitenzi ni zima, na vinyambuo vyake vinaeleza karibu kila kitu.

Gemu imezimwa. Kitenzi cha kutendwa kinadai mtendaji, hata asipotajwa. Kwenye simu ya Android mtendaji huyo yupo kweli: memori ikipungua, mfumo huanza kuziua programu ili zilizobaki zipumue, huanza na zile zilizosahauliwa nyuma, na hali ikizidi hufika hata kwa ile iliyo mbele ya macho. Mchezaji aliyeacha WhatsApp, kivinjari na redio vikiwa wazi, kisha akaingiza basi lenye picha nzito, hajakosea kitu ndani ya gemu. Gemu yake imezimwa na mwenye nyumba. Kwenye Windows kuna msimbo unaoonekana mara nyingi, 0xC0000005. Maana yake ni kwamba programu ilitaka kugusa sehemu ya memori isiyoruhusiwa kuigusa, na ikatolewa nje. Hapo pia imezimwa. San Andreas ina kisa chake zaidi: ni programu ya biti 32, na kwa kawaida programu ya namna hiyo kwenye Windows hupewa gigabaiti 2 tu za anwani za memori, hata kama kompyuta yenyewe ina gigabaiti 16. Kijana anayejinyima ili anunue memori zaidi, akitumaini magari yake mapya yataacha kuitoa gemu, anatumia pesa mahali pasipouma. Nyumba imepanuliwa lakini gemu bado inakaa chumba kilekile.

Gemu imezimika. Hapa hakuna mtendaji, kuna hali tu, kama taa iliyoishiwa na mafuta. Kitenzi hiki kinatupeleka kwenye umeme na joto, na Turkana ina historia ndefu ya vyote viwili. Bwawa la Turkwel lilikamilika 1991 na umeme wake ukapelekwa kusini kwenye gridi ya taifa, ilhali Lodwar yenyewe kwa miaka mingi iliwashwa na jenereta za dizeli. Kakuma, wafanyabiashara walitandaza nyaya kutoka kwenye jenereta zao hadi kwenye vibanda vya majirani. Umeme wa namna hiyo hupanda na kushuka, na leptopu ambayo betri yake imechoka huzimika papo hapo bila kuandika neno. Kutoandika huko ndiko ushahidi. Programu iliyokosea kwa kawaida huacha alama. Mashine iliyokatiwa umeme haipati nafasi ya kuacha chochote. Hadithi ya Lual Mayen inaeleweka vizuri zaidi ukiijua hali hii. Huyu ni Msudani Kusini aliyelelewa katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda na ambaye ndiye aliyeanzisha kampuni ya Junub Games. Amesimulia kwamba mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu hadi akafikisha dola 300 za kumnunulia kompyuta, naye akawa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Mtu huyo alipoanza kuunda gemu yake ya Salaam, tofauti ya kuzimika na kuzimwa aliijua kwa miguu.

Joto nalo. Mchana wa Lodwar hupita nyuzi 35 mara kwa mara. Vichakataji vingi vya leptopu hujipunguza kasi vinapokaribia nyuzi 100, na vikizidi hapo mashine hukata kila kitu ili isiungue. Hapa sina budi kulitaja neno kipakatalishi, ambalo shule zetu za Kenya hulifundisha kwa maana ya leptopu. Limejengwa juu ya kitenzi pakata, kumweka mtoto mapajani, na kwa sauti ni neno zuri. Lakini matundu ya hewa ya leptopu nyingi yako chini ya tumbo lake, na anayeipakata akicheza gemu yenye modi nzito huyaziba kwa nguo na ngozi yake. Iwekwe mezani, iinuliwe kidogo nyuma, na feni ifunguliwe ipigwe brashi, maana vumbi la huko ni laini kama unga. Waliokijenga chuo cha teknolojia cha Loropio, kando ya Ziwa Turkana, walilifikiria jambo hili kwa kiwango cha jengo zima. Msanifu wake, Francis Kéré wa Burkina Faso, aliinua minara inayofanana na vichuguu vya mchwa ili hewa ya moto ipande itoke juu na baridi iingie chini. Chuo kilikamilika 2021, mwaka mmoja kabla Kéré hajatunukiwa Tuzo ya Pritzker ya usanifu wa majengo.

Gemu imejizima. Kiambishi -ji- kinasema programu yenyewe iliona jambo isiloliweza ikaamua kuondoka. Minecraft ya toleo la Java hufanya hivyo kwa adabu: huandika ripoti, huitia kwenye folda yake, halafu hufunga. Vijana wana kitenzi kingine kwa hali hii, na ni kizuri kuliko changu: imejitoa. Anayejitoa kwenye kikundi huwa na sababu, na aghalabu huisema.

Hiyo ndiyo faida yenyewe. Kijana mmoja wa Kakuma alinitumia ujumbe wa sauti: "Mwalimu, gemu imekrashi tena." Nikamwuliza, "Imezimwa, imezimika au imejizima?" Akakaa kimya kidogo. "Imejitoa, mwalimu. Na imeandika kitu." Hapo tulikuwa tumekwisha kuvuka betri, joto, na programu zilizoachwa wazi. Kilichobaki kilikuwa kusoma.

Vitenzi vingine havina familia kubwa kama zima lakini navyo vina kazi. Gemu ikiganda, picha imesimama na huenda kazi bado inaendelea ndani. Mchezaji asubiri kwanza kabla ya kubonyeza ovyo, maana ramani nzito huweza kuchukua dakika kadhaa kupakiwa. Ikikwama, inarudia jambo moja bila kutoka. Skrini ikiwa giza na feni bado inazunguka, mashine imezimia, kitenzi cha mtu aliyepoteza fahamu: uhai upo, macho hayapo, na mshukiwa wa kwanza ni kadi ya picha au kiendeshi chake. Na ikikataa kufunguka tangu mwanzo, imegoma. Kwangu hili ni neno lenye akili kuliko yote, kwa sababu anayegoma ana dai. Gemu inayogoma inadai faili iliyokosekana, au toleo jingine la gemu, au maktaba ambayo modi fulani huitegemea na mchezaji hakuipakua. Swali la kuiuliza gemu iliyogoma ni: inadai nini?

Nashangaa kwamba maneno haya yote hayamo katika orodha za istilahi za kompyuta tulizofundishwa. Sababu naiona katika jinsi orodha hizo zilivyozaliwa. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Kazi hiyo naiheshimu sana, na maneno ya aina yake tunayatumia kila siku: faili, hariri, hifadhi, chapisha. Lakini hayo ni maneno ya menyu, na menyu huandikwa kwa ajili ya mashine iliyo nzima. Mashine iliyoharibika iliachiwa mafundi wa vibandani, na mafundi hawakualikwa kwenye kamati. Wana imegoma, imejitoa, imezimia, imeganda. Wanayatumia kwa usahihi kila siku, nasi tunayaita lugha ya mtaani.

Kosa linapotokana na modi mbili kukutana, kiambishi cha kutendana huchukua zamu. Modi zinagombana, husema vijana. Katika Euro Truck Simulator 2 ugomvi huo una kanuni: modi mbili zikigusa faili moja, iliyo juu kwenye orodha ndiyo inayoshinda, kwa hiyo mara nyingi dawa ni kupanga upya nani atangulie. Ugomvi wa namna hiyo una suluhu. Kuna na modi ambazo hazioani, neno ambalo simu iliyowekwa Kiswahili hulitumia programu inapokataa kuingia kwenye kifaa. Modi ya toleo la zamani na gemu ya toleo jipya hazioani, na kuzipanga hakusaidii kitu; mojawapo lazima ibadilishwe. Wazee wangesema hazipikiki chungu kimoja. Anayesema zinagombana kumbe hazioani atazipanga mpaka usiku wa manane.

Kama haijulikani modi ipi yenye shida, njia ni kukata nusu. Nakili kwanza folda yote ya hifadhi za gemu mahali salama. Kama una modi 64, toa 32. Gemu ikitulia, mkosaji yuko miongoni mwa ulizotoa. Isipotulia, yuko kati ya zilizobaki. Ukate tena, 16, kisha 8, 4, 2, 1. Mara sita zinatosha, ilhali anayetoa moja moja huenda akafika ya sitini na tatu kabla ya kumpata. Njia hii ina mtego wake: mkosaji akiwa si mmoja bali ni ugomvi wa wawili, kukata nusu huwatenganisha, gemu inatulia pande zote mbili, na mchezaji anabaki ameduwaa. Utulivu huo wa pande zote wenyewe ni jawabu. Kosa liko katika kutendana, wala si kwa mtenda mmoja.

Sasa kuhusu kusoma. Euro Truck Simulator 2 huacha faili iitwayo game.log.txt, na kila gemu ya kompyuta inayojiheshimu ina yake. Watu huiita logu. Kiswahili cha mwambao kina batli, neno la mabaharia, la kupima na kuandika mwendo wa chombo. Nimelichukua bila aibu. Batli huandikwa wakati safari inaendelea, mstari kwa mstari, na ikiishia ghafla inaonyesha chombo kilikuwa wapi. Kijana hufungua faili hiyo, huona mistari elfu, hukata tamaa. Aende mwisho kabisa, kisha apande juu polepole akitafuta palipoandikwa kosa.

Kupanda juu ndiko kwenye uzito wa jambo, na hapa lugha ilikuwa imetangulia muda mrefu. Usitazame ulipoangukia, tazama ulipojikwaa. Mstari wa mwisho wa batli ni mahali pa kuangukia. Unaweza kutaja faili ya sauti, na mchezaji akafuta modi zake zote za honi, kumbe mistari mia mbili juu yake ramani ilitafuta daraja isilolipata, ikaendelea kwa kuchechemea hadi ilipoanguka mbele ya honi isiyo na hatia. Honi ilikuwepo tu. Methali imetutenganishia dhana mbili ambazo neno krashi huzichanganya, nasi tunaweza kuzifanya istilahi bila kukopa chochote: mwangukio, kwa mahali programu ilipoishia, na kikwazo, kwa kilichoiangusha. Kikwazo kinatokana na kwaa na kwaza, na tumekizoea katika maana ya jambo linalozuia hata tumesahau kwamba ni kitu kinachogonga kidole cha mguu. Katika ripoti yoyote ya hitilafu ningependa kuona sehemu hizo mbili zikiandikwa mbalimbali. Ripoti nyingi ninazoletewa zina mwangukio tu.

Hata jina la kazi yenyewe lipo. Kutatua ni mzaliwa wa tata, sawa na tatizo. Nyuzi zikitatana ni tatizo, na kiambishi -ua kinazifumbua kama kinavyofanya kwenye fungua na pakua. Anayetatua havunji wala hakati. Anafuata uzi mmoja hadi ulipopitia chini ya mwingine. Ndiyo maana sikubaliani na ushauri unaotolewa haraka mno, wa kufuta kila kitu na kusakinisha upya. Gemu hupona, lakini hakuna kilichotatuliwa, na basi likirudishwa litarudi na fundo lilelile.

Kakuma maneno haya yana mtihani mgumu kuliko Lodwar. Kambi ya wakimbizi iko hapo tangu 1992, na makazi ya Kalobeyei yaliongezwa jirani katikati ya miaka ya 2010. Kwenye meza moja ya kompyuta anaweza kuketi Mturkana, Mdinka, Msomali, Mrundi na Mkongo wa Kivu. Kiswahili si cha kwanza kwa wengi wao, na kila mmoja huja na chake. Mkongo huita kompyuta odinateri na husema imekufa kwa karibu kila ubovu. Hapo ndipo vinyambuo vinapolipa, kwani anayekijua kitenzi kimoja, zima, na viambishi vitatu, anaweza kueleza hitilafu tatu kwa wenzake wote bila kukopa. Ni hapohapo pia nimejifunza kuwa mkali na maneno yanayorithiwa bila kukaguliwa. Waandishi wengi wa ng'ambo wamenakiliana kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "pasipo mahali". Mswahili yeyote angewaambia kwamba Kiswahili hakina neno hilo. Kosa liliingia mara moja, halikuangaliwa batli yake, na sasa linasafiri na kila nakala, likiwatangazia wakazi wa mji wenye soko, shule na vijana wanaounda magari ya gemu kwamba hawako popote.

Aina moja ya hitilafu haijapata jina linaloniridhisha. Ni ile inayokuja na kuondoka: gemu inajitoa leo, kesho inacheza saa nne mfululizo, na ukiitafuta mbele ya fundi inatulia. Mafundi husema inavizia, na kwa hisia wako sahihi, ila kuvizia kunaipa nia, na mwenye nia hutafutwa kwa kukisia. Waganga wetu wana homa za vipindi, yaani zinazorudi kwa wakati wake, na naelekea huko: hitilafu ya vipindi. Neno vipindi linamtaka mgonjwa aseme ni saa ngapi. Lodwar swali hilo limefichua mengi. Gemu inayojitoa saa nane mchana na kucheza salama saa tatu usiku, kwa modi zilezile, haina haja ya kukatwa nusu. Ipelekwe kwenye feni. Ile inayojitoa jioni, majirani wote wanapowasha taa, ipelekwe kwenye umeme. Na inayojitoa kila mchezaji anapolikaribia daraja lilelile, mchana au usiku, irudishwe kwenye batli, isomwe kuanzia chini.